Bahari haibaki tupu: konyeza na funzo la Namibia

Mnamo Agosti 2025 mtambo wa nyuklia wa Gravelines, ulioko kaskazini mwa Ufaransa, ulisimama ghafla. Vinu vinne vilizimika kwa kufuatana usiku mmoja. Palipochunguzwa, ilidhihirika kwamba konyeza wasiohesabika walikuwa wamevutwa pamoja na maji ya bahari yanayopoza vinu, wakajaa katika machujio na kuyaziba. Hapakuwa na hatari kwa watu, na baada ya siku chache umeme ulirejea. Hata hivyo mtu hana budi kustaajabu kwamba mtambo uliojengwa kwa mabilioni ya fedha ulisimamishwa na kiumbe kisicho na mfupa, kisicho na moyo wala ubongo, ambacho sehemu kubwa ya mwili wake ni maji matupu.

Hilo halikuwa tukio la kwanza. Desemba 1999 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya kisiwa cha Luzon, Ufilipino, na baadhi ya watu wakadhani serikali inapinduliwa, kumbe ni konyeza waliokuwa wamevutwa kwenye mabomba ya kituo cha umeme. Mwaka 2013 kinu cha Oskarshamn huko Uswidi kilizimwa kwa sababu hiyohiyo. Na mwaka 2009 meli ya uvuvi ya Japani ilipinduka wakati mabaharia wake watatu walipokuwa wakivuta wavu uliojaa konyeza wakubwa wa aina ya Nomura, ambao mmoja wao aweza kuwa na uzito wa kilo 200. Mabaharia wote waliokolewa.

Habari za namna hii aghalabu husomwa kama vioja, watu wakacheka na kufungua ukurasa mwingine. Sisi tumeona tuzitazame kwa jicho lingine, kwa kuwa nyuma yake lipo swali linaloigusa kila nyumba inayokula samaki: konyeza hao hutoka wapi, na ni kitu gani huwafanya waongezeke kiasi hicho?

Konyeza ni kiumbe gani

Watu wa pwani wanamfahamu. Wengine humwita konyeza, wengine yavuyavu, na wapo wamwitao kiwavi cha bahari kwa sababu ya mwasho wake. Umbo lake ni kama mwavuli laini unaoelea, na chini yake huning'inia minyiri yenye vijifuko vidogo mno vya sumu. Kitu kikiigusa minyiri hiyo, vijifuko hufyatuka na kuchoma. Hiyo ndiyo silaha yake ya kuwindia.

Chakula chake ni vijidudu vidogo vinavyoelea baharini, pamoja na mayai ya samaki na vifaranga vyao. Jambo hili ni la kuzingatiwa sana, nasi tutalirejea. Vijidudu hivyohivyo ndivyo chakula cha dagaa na samaki wengine wadogo. Kwa hiyo konyeza na dagaa wanakula sahani moja, kisha konyeza humla pia mtoto wa mwenzake.

Maisha yake yana hatua mbili. Huyu tunayemwona akielea ni mzazi, mwenye kutoa mayai. Yai huwa kijibuu kinachoogelea kwa muda, kisha hushuka na kujibandika juu ya kitu kigumu, kama vile mwamba, kombe, nguzo ya gati au ubavu wa chombo. Hapo hugeuka kuwa mfano wa kijiua kidogo cha milimita chache, ambacho wanasayansi hukiita polipu. Polipu yaweza kukaa hapo miezi au miaka, ikijizidisha kwa kujigawa pasi na dume wala jike. Hali ya maji ikiafiki, hujikata tabaka baada ya tabaka mithili ya sahani zilizopangwa, na kila sahani huondoka ikawa konyeza mchanga. Ndiyo maana wiki hii bahari yaweza kuwa safi, na wiki chache baadaye ikawa imetanda konyeza. Mbegu yake ilikuwa chini siku zote, ikisubiri.

Viumbe hivi vimekuwamo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 500, kabla ya samaki wengi tuwajuao. Kuongezeka kwao kwa misimu si jambo geni. Tatizo huanza wanapoongezeka wasipungue tena, na mahali pa kujifunza hilo ni pwani ya magharibi ya bara letu.

Yaliyotokea Namibia

Mbele ya pwani ya jangwa la Namibia hupita mkondo wa Benguela, wenye maji ya baridi. Upepo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na mahali pake hupanda maji ya kilindini yenye rutuba nyingi. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo mno ya baharini, mimea hulisha vijidudu, na vijidudu hulisha samaki. Kwa sababu hiyo bahari ya Namibia ni miongoni mwa bahari zenye neema kubwa duniani.

Mwenye bahari hiyo, tukisema hivyo, alikuwa sadini. Huyu ni samaki mdogo wa makundi, jamaa wa dagaa wetu ila mkubwa kidogo, ndiye yule anayeuzwa dukani katika kopo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vya kusindika sadini na kutengeneza unga wa samaki vilistawi katika mji wa Walvis Bay. Wakati huo Namibia ilikuwa bado chini ya utawala wa Afrika Kusini, na meli za mataifa ya mbali nazo zilikuja kuvua. Kila mwaka mavuno yalipanda, hata mwaka 1968 zikavuliwa takriban tani milioni 1.4 za sadini. Sehemu kubwa ya samaki hao haikufika katika sahani ya mtu. Ilisagwa ikawa chakula cha mifugo na mafuta.

Kilichofuata kilikuwa anguko. Katika muda wa takriban miaka 10 mavuno yalishuka hadi kuwa sehemu ndogo sana ya yale ya awali. Meli zikageukia dagaa wengine, nao wakapungua. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 ilirithi bahari iliyokwisha kukombwa. Serikali yake iliweka utaratibu wa uvuvi ulio bora kuliko wa zamani, lakini sadini hawakurejea kwa kiasi cha kutosha, na mwaka 2018 ikalazimika kusimamisha kabisa uvuvi wao.

Je, bahari ilibaki tupu? Haikubaki. Mnamo 2003 watafiti walipita na meli katika eneo hilo wakipima viumbe kwa mawimbi ya sauti na kwa nyavu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliwashangaza wengi: walikadiria konyeza kuwa tani milioni 12.2, na samaki wote waliopimwa kuwa tani milioni 3.6. Kwa kila tani moja ya samaki kulikuwa na zaidi ya tani tatu za konyeza. Konyeza hao walikuwa wakipasua nyavu na kuharibu mavuno, wakiziba mabomba ya kupozea mitambo ya umeme, na kuwatatiza hata wachimbaji wa almasi wanaofyonza mchanga chini ya bahari.

Kwa nini sadini hawarudi

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu aweza kudhani kwamba samaki wakivuliwa sana, inatosha kupumzisha bahari miaka michache nao watajaa tena kama zamani. Mara nyingine huwa hivyo. Lakini bahari haimwekei mtu nafasi. Sadini walipoondolewa, vijidudu walivyokuwa wakivila vilibaki bila mlaji, na konyeza akapata chakula cha bure. Akazaana. Na alipokwisha kuwa wengi, akawa anakula chakula cha sadini wachache waliosalia, na kula mayai na vifaranga vyao kabla havijakua.

Zamani mizani iliinama upande wa samaki, kwa kuwa sadini wengi hula chakula chote na kumwacha konyeza na njaa. Sasa imeinama upande wa pili. Kuirudisha ni kazi nzito kuliko ile ya kuipindua. Meli ziliweza kuwaondoa sadini kwa miaka 10 tu, lakini hakuna meli iwezayo kuwarudisha.

Hasara hiyo ilienea hadi kwa wanyama wasiojua lolote kuhusu viwanda. Pengwini wa Namibia na ndege wengine wa baharini, ambao riziki yao ilikuwa sadini wenye mafuta mengi, walilazimika kula samaki mdogo aitwaye gobi, asiye na lishe ya kutosha. Idadi ya ndege hao ikaporomoka. Kwa insafu tuseme pia kwamba gobi huyo ameisaidia bahari ile isife kabisa. Ana uwezo wa kukaa chini penye oksijeni haba, na hula konyeza, kisha yeye mwenyewe huliwa na samaki wakubwa. Kwa njia hiyo sehemu ya kile kilichopotelea kwa konyeza hurudi katika mnyororo wa chakula, japo ni sehemu ndogo.

Jirani aliyevua kwa kipimo

Msomaji aweza kuuliza: huenda ni tabianchi au mkondo wenyewe uliobadilika, sio uvuvi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunaweza kulitafuta kwa jirani. Mkondo wa Benguela hupita pia mbele ya Afrika Kusini. Huko nako sadini walipungua vibaya katika miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba dagaa wa aina nyingine waliendelea kuwa wengi, wakala vijidudu vile na kuishika nafasi, na uvuvi ukawekewa viwango vya kila mwaka kulingana na hesabu ya samaki waliopo. Kufikia mwanzo wa karne hii sadini walikuwa wamerejea kwa wingi, ingawa tangu hapo wamepanda na kushuka. Konyeza hawakuitwaa bahari ile kama walivyoitwaa ya Namibia.

Mkondo ni mmoja, upepo wa namna moja. Kilichotofautiana ni kiasi cha samaki wadogo walioachwa majini. Ndiyo maana wanasayansi wengi wanaiona Namibia kuwa onyo la wazi kuhusu kuwavua samaki wadogo kupita kiasi.

Milango mingine

Haitakuwa uadilifu kuutwisha uvuvi lawama zote mahali pote. Konyeza ana milango mingine ya kuingilia, na yote tumeifungua wenyewe.

Wa kwanza ni vyombo vya baharini. Meli isiyo na shehena huchukua maji ya bahari kuwa farumi ili isilale, kisha huyamwaga bandarini kwingine pamoja na viumbe vilivyomo. Kwa njia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiumbe laini wa Amerika anayefanana na konyeza, aitwaye Mnemiopsis, alifika katika Bahari Nyeusi. Alikuta samaki wamevuliwa sana na maji yamejaa mbolea iliyoletwa na mito. Kufikia 1989 alikuwa amejaa kila mahali, na uvuvi wa hamsi, ambao ni dagaa wapendwao na Waturuki, ukaanguka kwa kishindo. Nafuu ilikuja baadaye, mbolea ilipopungua mitoni, na mwaka 1997 alipoonekana kiumbe mwingine mgeni, Beroe, ambaye chakula chake ni huyohuyo Mnemiopsis. Leo upo mkataba wa kimataifa wa kusafisha maji ya farumi, ulioanza kutumika Septemba 2017.

Wa pili ni mifereji tuliyoichimba. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 ukaunganisha bahari mbili zilizokuwa mbalimbali. Tangu miaka ya 1970 konyeza wa upande wetu wa dunia, Rhopilema nomadica, ameonekana mashariki mwa Bahari ya Mediterania, na siku hizi huja kwa makundi makubwa wakati wa kiangazi, akiwachoma waogeleaji na kuijaza minyiri mitego ya wavuvi kuanzia Misri hadi Uturuki.

Wa tatu ni taka za nchi kavu. Mbolea na maji machafu yakifika baharini huotesha mimea midogo kupita kiasi. Mimea hiyo ikifa na kuoza hula oksijeni ya maji. Samaki hukimbia au hufa, ilhali konyeza wengi huvumilia. Wa nne ni joto linalozidi, kwa kuwa aina nyingi za konyeza hukua na kuzaana upesi zaidi maji yanapopata joto. Wa tano ni kuta, magati na nguzo tunazozijenga, ambazo kila moja ni makao mapya ya polipu. Na wa sita ni kupungua kwa maadui wa konyeza, mkubwa wao akiwa kasa, hasa yule mkubwa aitwaye noa, ambaye chakula chake kikuu ni konyeza. Kasa hunaswa nyavuni, na hula mifuko ya plastiki akidhani ni konyeza.

Tuweke pia mpaka wa maneno yetu. Si kweli kwamba konyeza wanaongezeka katika kila bahari. Uchunguzi wa kumbukumbu za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba konyeza hupanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban miaka 20, na kwamba watu wakiona mpando mmoja hudhani ndio mwisho wa dunia. Kwa hiyo mtu akiona konyeza wengi ufukweni msimu mmoja asitangaze msiba. Cha kuogopwa ni ile hali ya Namibia, ambapo samaki hawapo tena wa kuwarudisha konyeza nyuma.

Yanayotuhusu nyumbani

Kwetu sisi, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, dagaa ni kitoweo cha mnyonge na cha tajiri. Ndiye protini ya mtoto pale nyama isipopatikana, na ndiye biashara ya akina mama wengi wanaoanika na kuuza. Kwa sababu ni mdogo na bei yake ni nafuu, tumezoea kumdhania kuwa hana mwisho. Wenye viwanda vya Walvis Bay nao walimwona sadini akija kila mwaka kwa mamilioni ya tani, wakadhani hivyohivyo.

Kwa hiyo inapotangazwa kwamba uvuvi utasimama siku za mbalamwezi, au kwamba nyavu za matundu madogo zimepigwa marufuku, tusilichukulie kuwa ni uonevu wa wakubwa peke yake. Tuulize kwa haki: je, sheria inamfuata mwenye meli kubwa kama inavyomfuata mwenye ngalawa? Samaki huyu anavuliwa aliwe, au asagwe kuwa chakula cha kuku? Hesabu ya samaki waliobaki inafanywa na nani? Maswali haya yana nafasi yake katika vikao vya wavuvi na vya vijiji, na wazazi wana haki ya kuyauliza.

Kwa familia zinazokwenda pwani, tunaongeza ushauri mfupi. Mtoto akichomwa na konyeza, atoke majini kwanza. Msimsugue kwa mchanga wala kwa taulo, kwani vijifuko ambavyo bado havijafyatuka vitafyatuka. Minyiri iliyobaki iondolewe kwa kibano au kijiti, si kwa mkono mtupu. Suuzeni kwa maji ya bahari, sio ya bomba. Maji ya moto yanayovumilika, yasiyounguza, hupunguza maumivu mkiyatumia kwa dakika 20 au zaidi. Siki hufaa kwa aina fulani tu za konyeza, na mkojo haufai kwa aina yoyote, ingawa wapo wanaousifu. Akipumua kwa shida, akivimba uso, akitapika mfululizo au akilegea, apelekwe hospitali bila kusubiri. Na watoto waonywe kwamba konyeza aliyekufa mchangani bado anaweza kuchoma.

Baada ya hapo, wazazi, waelezeni watoto habari ya sadini wa Namibia. Watoto wetu hufundishwa kwamba bahari ni kubwa na riziki yake ni nyingi, na hilo ni kweli. Waongezewe kwamba riziki hiyo ina kizazi na ina wakati, na kwamba samaki mdogo aliyeachwa majini leo anailinda nafasi ambayo akiondoka yeye ataichukua mwingine. Huyo mwingine hatuwezi kumla, wala hatutajua namna ya kumwondoa.